Omena kwa gorogoro, mbuta kwa kilo: tumpime vipi mtafiti wa ubongo?

Mhadhiri anayechunguza ubongo na kumbukumbu akiomba kupandishwa cheo katika chuo cha huku kwetu, iwe Maseno, Kakamega au Njoro, hesabu ndiyo hutangulia. Ameandika makala mangapi? Yamenukuliwa mara ngapi? Na ile faharisi ya h ni ngapi? Faharisi hiyo ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California: ukiwa na makala kumi ambayo kila moja yamenukuliwa angalau mara kumi, h yako ni 10.

Naanza kwa kuzitetea namba hizi. Anayezidharau pengine hajawahi kungoja nje ya mlango wa mahojiano akijua kwamba mwenzake ana mjomba ndani. Binti wa mkulima wa Siaya asiye na wa kumpigia simu anaweza kuweka orodha yake mezani, na orodha haiulizi ukoo. Kwa Kenya hilo ni jambo kubwa, na sitaki tulipoteze.

Ila namba hupima nini hasa? Mwaka 1957 mwanasaikolojia Brenda Milner na daktari wa upasuaji William Scoville walichapisha habari za mgonjwa aliyejulikana kama H.M., aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Baada ya hapo hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kutokana naye, sayansi ilitambua uzito wa hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo, katika kukumbuka, na makala yale yamenukuliwa maelfu ya mara. Lakini mtu mwenye makala moja tu ya aina hiyo, h yake ni 1, hata yakinukuliwa mara elfu kumi. Kipimo kinachompa 1 mtu wa namna hiyo kina pengo.

Tena kunukuliwa sana si sawa na kuwa sahihi. Mwaka 2016 watafiti Eklund, Nichols na Knutsson walionyesha kwamba mbinu za takwimu zilizotumika mno kuchanganua picha za ubongo zingeweza, katika hali fulani, kutoa matokeo ya uongo hadi asilimia 70, ilhali kiwango kilichotarajiwa ni asilimia 5. Na hata anayekunukuu ili kukupinga anakuongezea hesabu.

Linaloniuma zaidi ni la hapa Ziwa Victoria. Baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa, au wanatatizika kukumbuka, kutulia na kusema. Anayewachunguza hana budi kwanza kupata majaribio yanayoeleweka kwa Kidholuo au Kiluhya, ayahakiki, kisha akae na akina mama kwenye benchi la kliniki. Miezi inakwisha kabla hajaandika sentensi moja. Matokeo yake humfaa muuguzi na mwalimu wa darasa la pili, na hao hawaandiki makala ya kumnukuu. Mwenzake anayepima kumbukumbu za wanafunzi wa vyuo vya Marekani ana wasomaji wengi kwa sababu walio katika uwanja huo ni wengi.

Hata hivyo, wapo wanaojificha nyuma ya maneno “kazi yangu ni ya jamii” huku miaka kumi ikipita bila chapisho. Hao hawana hoja. Kazi isiyoandikwa haiwezi kukaguliwa na yeyote.

Katika ufuo wa Dunga, Kisumu, omena, wale samaki wadogo, hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe, na mbuta, samaki mkubwa, kwa kilo, na hakuna anayeona ajabu. Kwa maoni yangu namba zibaki mlangoni, zizuie upendeleo. Ndani, mwombaji alete kazi zake tatu bora na jopo lizisome kabla ya siku ya mahojiano. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilisisitiza jambo hilohilo: utafiti upimwe kwa ubora wake wenyewe, si kwa sifa ya jarida. Nitaambiwa kwamba wanaoujua uwanja huu huku magharibi mwa Kenya ni wachache. Basi kazi hizo zitumwe kwa barua pepe kwa msomaji wa nje mwezi mmoja kabla, naye alipwe kwa muda wake.