King'ora cha moto kisitegemee Luku ya mpangaji

Kwenye nyumba za kupanga, vigunduzi vya moshi hujadiliwa kwa bei na idadi. Umeme wake huachiwa fundi, naye huviunga kwenye waya wa taa ulio karibu. Wanaotetea njia hiyo wana hoja: umeme wa gridi haumlazimu mtu kukumbuka betri. NFPA, shirika la Marekani la kukinga moto, inaeleza kuwa kigunduzi kisipolia, mara nyingi betri imetolewa, imechomolewa au imekwisha. Mtu akichoshwa na mlio huku anakaanga samaki, huichomoa na haikumbuki tena.

Hata hivyo, gridi peke yake haitoshi. Uniti za Luku zikiisha usiku, kigunduzi nacho kinazima. Hitilafu ya nyaya inaweza kurusha breka kabla moshi haujafika kwenye dari. Tena umeme ukikatika ndipo mishumaa inapowashwa.

Kiwango cha NFPA cha mifumo ya ving'ora vya moto, NFPA 72, kinataka betri ya akiba ibebe mfumo saa 24, kisha ilize ving'ora dakika 5. Kiwango cha Uingereza, BS 5839-6, kinataka saa 72 kwa vigunduzi vya majumbani vinavyotumia gridi, na kwangu hicho ndicho kipimo kinachotufaa. Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na kuna maeneo yaliyoupata kesho yake. Wakati wa mgao hali ni mbaya zaidi: chaja inaweza kuhitaji siku nzima kujaza betri iliyoisha, na umeme unaondoka tena kabla haijajaa. Joto la Dar es Salaam nalo huzeesha haraka betri za asidi za paneli (kisanduku kinachoongoza mfumo wa ving'ora), hasa zikiwekwa kwenye chumba kisichopitisha hewa.

Njia ya tatu ni kigunduzi chenye betri ya miaka 10 isiyofunguka. Scotland, inayotaka vigunduzi vilivyounganishwa (kimoja kikilia, vyote vinalia) katika kila nyumba tangu Februari 2022, inakubali vya betri hiyo au vya gridi. Mpangaji hawezi kuichomoa betri. Lakini ikiisha, kifaa kizima kinabadilishwa, na gharama hiyo wenye nyumba wengi wataikwepa.

Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, ningechagua hivyo vya miaka 10. Ghorofa mpya ziwe na paneli yenye breka yake na betri ya akiba, kwenye mita ya mwenye nyumba. Tarehe ya kubadilisha betri au kifaa iandikwe kwenye mkataba wa pango, ili mpangaji awe na haki ya kuidai.