Kwani Huna Simu?

Siku hizi hata fundi redio ananionea huruma. Nimempelekea deki yangu ya sidii, kaifungua, kapuliza vumbi, kaikodolea jicho, kisha anasema: "Mzee wangu, lenzi imekwisha, na lenzi zenyewe hazipatikani. Kwani huna simu?"

Simu ninayo, bwana. Ila nina na sidii zinazokaribia mia tano: dansi, taarabu, lingala mpaka mchiriku, nilizonunua kwa jasho langu wakati wenzangu wananunua viwanja. (Viwanja vyao leo vina maghorofa. Tuyaache hayo.) Nyimbo nyingi kati ya hizo simuni hazimo, na zilizomo zimebanwa. Sidii moja ikijaa inabeba takriban megabaiti 700. Ukiigeuza kuwa MP3 za enzi zile, inabaki kama sehemu moja ya kumi. Hizo nyingine zimekwenda wapi na mimi nililipa nzima?

Mpwa wangu, msomi wa kompyuta, akanipa dawa. "Mjomba, zigeuze ziwe FLAC. Faili linapungua karibu nusu, lakini sauti haipotei hata punje." Akaniwekea programu, akaenda zake mpirani.

Sasa kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuingizia sidii. Nikaenda Kariakoo kutafuta draivu ya kuchomeka. Kijana wa duka akaniuliza kama nahitaji na kaseti, akapanda ngazi, akaishusha kutoka nyuma ya maboksi ya chaja, akaifuta vumbi kwa shati lake. Bei akanitajia ya kitu kilichoshuka bandarini jana.

Sidii safi inaingia kwa dakika chache, sina neno. Balaa ni hizi zenye michubuko. Programu ikikuta mkwaruzo haipiti, inarudi palepale kusoma upya, tena na tena, na draivu inakoroma mpaka watoto wanaongeza sauti ya tamthilia. Kila anayepita sebuleni ni daktari. "Ipake dawa ya meswaki." "Ioshe na Omo." Mimi naifuta kwa pindo la kanga, kutoka katikati kwenda ukingoni, maana ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata njia ya muziki wenyewe na hapo umejimaliza.

Iko moja ya taarabu iligoma kabisa. Chini inang'aa, haina hata alama. Nikaiinua kwenye taa, naona vitundu vya mwanga vimejipanga mistari. Kuigeuza upande wa juu: mtu kaandika kwa kalamu ya wino, kakandamiza haswa, YA BABA MSIGUSE. Na muziki wa sidii haukai chini kule tunakokuchunga, unakaa juu, palepale chini ya lebo! Mwandiko naufahamu, mwenyewe analala upande wa ukutani. Sitaki kesi.

Ukishavuka hapo, unakutana na majina. Sidii za kawaida nyingi hazina majina ya nyimbo ndani yake, kwa hiyo kompyuta inakwenda kuuliza intaneti. Nikadhani inausikiliza wimbo. Wapi! Inapima urefu wa nyimbo tu, ikipata diski nyingine yenye vipimo hivyohivyo, inabandika. Ndivyo taarabu yangu ya Unguja ilivyopewa majina ya Kijerumani, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Na Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, je? Mtu mmoja, marehemu tangu 1989, kompyuta imemgawa: Franco peke yake, Luambo Makiadi peke yake, Franco na TPOK Jazz, OK Jazz bila Franco. Kila mmoja na folda yake, hawasalimiani. Nimekaa nawapatanisha mpaka saa nane za usiku, na mshahara hakuna.

Lakini kilichoniuma ni sidii za kuchoma, zile za kwenye mfuko wa nailoni zenye picha ya fotokopi. Nusu ya kabati langu ni hizo, tusidanganyane. Programu ina kawaida ya kulinganisha ulichosoma na walichosoma watu wengine wenye diski hiyohiyo. Kwa hizi ikaniandikia kwamba diski haijulikani. Haijulikani vipi? Mtaa mzima tulinunua kwa jamaa mmoja!

Mpwa akaja, akafungua mchoro wa sauti. Unapanda vizuri, ukifika kama kilohezi 16, kule kwenye sauti nyembamba za juu, umekatwa wima. "Mjomba, huyu alichoma kutoka kwenye MP3. Kilichopotea kilishapotea. FLAC hapa ni kuhamishia uji kwenye sufuria ya pilau: chombo kimekua, uji ni uleule." Yaani nimejaza diski, nimechoma umeme wa Luku, kutunza kwa uaminifu mkubwa makosa ya mchomaji.

Haya, zile halali nilizipata safi. Jumapili nikaita familia, nikawasha spika ya binti yangu ya Bluetooth, nikafungua dansi ya Morogoro, besi inatembea. Nikamuuliza mama watoto, unasikia tofauti? Akasikiliza kwa heshima, akasema, "Nasikia. Ni ule wimbo."

Mpwa, na mdomo wake, akadakia: "Ila mjomba, hiyo Bluetooth nayo inabana sauti njiani."

Inabana?

"Eeh. Ukitaka yote ifike, tumia waya."

Nimechukua simu, nimeizungusha pande zote nne. Pa kuchomeka waya hakuna. Kampuni iliyoitengeneza imeondoa, na inauza kiunganishi pembeni. Nimerudi Kariakoo kwa yule kijana. Kaniona kwa mbali, kashaanza kupanda ngazi.