Kipa namba mbili naye ana haki yake

Kwetu kipa anakumbukwa siku akifungwa. Adake dakika 90 nzima, picha ya gazetini ni ya mfungaji. Ateleze mara moja tu, basi ameuza mechi, hela kala, na jirani yake anajua alipewa shilingi ngapi. Nimekulia Tanga, hayo nimeyasikia uwanjani Mkwakwani tangu nikiwa mdogo.

Sasa naishi Kitchener, Ontario, huku Kanada, na baridi ikianza watu ni hoki ya barafu tu. Mji una timu ya vijana, Rangers, inayocheza Ligi ya Hoki ya Ontario, OHL: timu 20, kila moja mechi 68 kwa msimu, wachezaji wengi wana kati ya miaka 16 na 20. Nilianza kwenda kwa sababu ndani mna joto kuliko barabarani. Nilichokuja kukipenda ni jinsi wanavyowatunza makipa.

Goli lenyewe ni dogo, mita 1.83 kwa 1.22, unaweza kudhani kipa akisimama tu amelijaza. Lakini kinachorushwa ni kisahani cha raba chenye gramu 170 hivi, kimegandishwa makusudi kisidundedunde, na kijana wa miaka 18 anakipiga zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Mechi moja kipa anapigiwa mashuti 30 na ushee. Kufungwa mawili hapo ni kazi kubwa, na hakuna shabiki anayemwita msaliti.

Haya, tuzo. Ipo ya kipa bora wa mwaka, hiyo hata kwetu tunayo. Zinazonifurahisha ni nyingine mbili. Ya kwanza ni Dave Pinkney Trophy, ambayo ni ya miaka mingi sana. Wanaipata makipa wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote kwenye msimu. Nasema makipa. Yule namba mbili, ambaye mechi nyingi kazi yake ni kukaa benchi kavaa kofia, akiwafungulia wenzake kijilango kila wanapobadilishana kuingia kwenye barafu, jina lake linatajwa pamoja na la mwenzake. Ya pili ni F. W. "Dinty" Moore Trophy, kwa kipa anayecheza msimu wake wa kwanza mwenye wastani mdogo zaidi wa mabao ya kufungwa. Yaani mtoto ameingia ligini juzi, na tayari kuna kikombe kinachomhusu yeye peke yake.

Wapo wanaosema Pinkney inawapa makipa sifa za mabeki. Wana hoja. Hata ligi kubwa, NHL, Vezina Trophy ilikuwa inahesabiwa hivyohivyo hadi 1981, ndipo wakaamua ipigiwe kura na mameneja wa timu. Lakini ile ya kuhesabu mabao hawakuitupa, waliianzishia kombe lake, William M. Jennings Trophy. Kwa vijana naona hesabu ni bora kuliko kura, maana kura humfuata anayejulikana.

Sasa turudi nyumbani. Kipa bora wa Ligi Kuu msimu wa 2023/24 alikuwa Ley Matampi wa Coastal Union yangu, Mkongo. Kabla yake Djigui Diarra wa Yanga, kutoka Mali. Simba nao wakamleta Moussa Camara kutoka Guinea. Sina neno nao, wamestahili. Ila kila mara naona watu mtandaoni wakitaka makipa wa kigeni wapigwe marufuku ili makipa wa nyumbani kama Aishi Manula wapatikane wengine. Kanada walilijaribu hilo. Mwaka 2013 ligi zao za vijana, OHL ikiwemo, ziliamua kuacha kuchukua makipa kutoka ng'ambo, zikihofia watoto wa nyumbani wananyimwa nafasi. Mwaka 2018 wakaufungua mlango tena. Kwa hiyo wanaotaka tuanzie kwenye marufuku, watueleze sisi tutafanya nini tofauti.

Msidhani huku ni peponi. Kumvisha mtoto vifaa vya ukipa wa hoki ni dola elfu kadhaa, na mwili haungoji, mwakani vimembana. Mwenzangu mmoja kazini, Mkongo wa Bukavu, mwanawe alitaka sana. Baba kapiga hesabu, kamnunulia viatu vya mpira wa miguu. Halafu kijana wa miaka 16 akichaguliwa na timu ya mji wa mbali anahama kwao, anaishi na familia asiyoijua. Sisi tuliolelewa kwa wajomba na shangazi tunajua inavyokuwa, tofauti yao hawa hawana hata undugu. Mchangani kwetu mtoto anadaka peku, bure. Shida ni kwamba anayesukumwa golini ni yule asiyejua kupiga chenga, na akishafika pale hakuna anayemfundisha.

Ombi langu kwa TFF, shirikisho letu la soka, ni dogo. Ligi ya vijana chini ya miaka 20 tunayo. Timu itakayofungwa machache, makipa wake wote wawili wapewe tuzo, na anayecheza msimu wa kwanza awe na yake. Hapatakiwi kamati wala kura. Mabao ya kufungwa yanaandikwa na mwamuzi kila mechi, ni kuyajumlisha tu mwisho wa msimu, na glavu mpya jozi tatu za kuwakabidhi.