Redio ya mtaa ikituomba mchango

Wiki iliyopita nilikaa Mtongwe, Mombasa, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu chini ya mkungu. Redio yao ndogo imetundikwa kwenye msumari. Antena ilivunjika zamani, na mahali pake pamefungwa waya wa shaba unaopanda hadi tawini. Taarifa ya saa saba ilipokwisha, mtangazaji wa kituo kimoja kidogo cha kijamii akasoma vipindi vya msimu ujao: hali ya bahari kila alfajiri, mashairi Jumapili usiku, kipindi cha watoto Jumamosi asubuhi, na mjadala wa bajeti ya kaunti. Hapo hapo akataja nambari ya M-Pesa. Vipindi vitaanza, alisema, wasikilizaji wakichangia.

Mzee mmoja, sindano ya wavu mkononi, hakuinua macho. "Na redio nayo imeanza kuomba," alisema. Kijana aliyeketi kando yake akamjibu, "Haiombi, babu. Yatwambia ni yetu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno ya hao wawili, na kila nikimwelemea mmoja, mwenziwe hunivuta.

Mzee ana haki. Mkenya tayari anagharimia utangazaji wa umma kupitia kodi. KBC ni shirika la umma la utangazaji, na hapa kwetu lina Pwani FM inayotangaza kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inavitaka vyombo vya habari vya serikali viamue vyenyewe watakayotangaza, visiegemee upande, na viwape nafasi ya haki wenye maoni yanayotofautiana. Mvuvi anayekatwa kodi kila akinunua sabuni akiuliza kwa nini atoe mara ya pili, huo si uchoyo. Isitoshe, simu zetu zimejaa makundi ya michango: maziko, karo, bili ya hospitali. Katika foleni hiyo redio itasimama nyuma ya mgonjwa, na ndivyo inavyopasa.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba fedha huja na mwenyewe. Wahenga walisema mla cha mtu na chake huliwa. Uchaguzi mkuu ni 2027. Kituo kikifungua mlango wa harambee, wa kwanza kuingia hatakuwa mama muuza mahamri wa Bondeni bali mgombea aliyebeba bahasha nene, akitaka jina lake litajwe hewani huku watu wakipiga makofi. Baada ya hapo, nani ataendesha ule mjadala wa bajeti ya kaunti na kumuuliza mtu huyo swali gumu?

Lakini kijana naye tumsikilize, kwa sababu tunajua kilichotokea mfuko wa redio uliposhikwa na mkono mmoja. Miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na redio iitwayo Sauti ya Mvita, chini ya serikali ya kikoloni, wakati Cairo ilipokuwa ikirusha matangazo ya Kiswahili ya kuupinga ukoloni. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ilitwaa shirika la utangazaji, KBC, na kuliita Sauti ya Kenya. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989. Waliokuwa watu wazima enzi hizo hawajasahau taarifa ya habari iliyofunguliwa na safari za Mtukufu Rais hata siku ambayo mtaa wao ulikuwa hauna maji.

Matangazo ya biashara nayo hayajatuokoa. Machi 2024 serikali iliagiza wizara na taasisi zake zipeleke matangazo yao ya redio na televisheni KBC peke yake. Vituo binafsi vilivyotegemea fedha hizo vikaona jinsi barua moja inavyoweza kumkatia mtu pumzi. Na anayelipia tangazo hutafuta masikio mengi yenye fedha. Atanunua saa ya mpira, atanunua muziki wa asubuhi, na kampuni za kamari zitanunua kinachobaki. Hali ya bahari kwa watu wa madau haina mnunuzi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu kabla ya kutua Mafia, onyo lilikuwa habari ya nchi nzima na kila kituo kililisema. Kusi ya kawaida ya mwezi wa sita, inayopindua dau moja na watu wawili, haipati heshima hiyo.

Mashairi ni vivyo hivyo. Huu ni mji wa Muyaka, wa Ahmad Nassir, wa Juma Bhalo. Watu wa hapa wanaweza kunyamaza barazani dakika nzima kwa ajili ya mshororo mmoja, kisha wakagombana usiku kucha juu ya maana yake. Hata hivyo kipindi cha mashairi ndicho hukatwa kwanza hesabu zikiwa mbaya, kwa kuwa hakuna aliyeahidi kukilipia. Wasikilizaji wakikilipia wenyewe, hakuna meneja wa mauzo atakayewauliza kinaleta nini.

Sheria haikatazi. Sheria ya habari na mawasiliano ya Kenya inatambua utangazaji wa umma, wa kibiashara na wa kijamii, na huu wa kijamii unaruhusiwa kuishi kwa michango, ruzuku, ada za wanachama, ufadhili na matangazo.

Wamarekani wamefika mbali katika njia hii, na safari yao ina funzo lenye ncha mbili. Mwaka 1949 kituo cha KPFA kilifunguliwa Berkeley, California, kikitegemea mifuko ya wasikilizaji. Mwaka 1967 serikali yao iliunda shirika la kugawa fedha za umma kwa redio na televisheni za aina hiyo, na kwa miaka mingi vituo vikaishi kwa mikono miwili, kodi na mchango. Kisha mwaka 2025 Bunge lao likaondoa takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kutengwa, na shirika lile likatangaza kufunga. Vituo vya miji mikubwa vina wasikilizaji wenye uwezo wa kuziba pengo. Vilivyotikiswa zaidi ni vidogo vya mashambani, ambavyo sehemu kubwa ya bajeti yao ilitoka serikalini na wasikilizaji wao ni wachache.

Hapo ndipo ninapomrudia mzee wa Mtongwe. Mchango hufuata utajiri. Tukiiachia michango peke yake, Nyali itapata redio inayoitaka na Jomvu itasikiliza kinachobaki. Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema wananchi wakichanga, serikali ipumzike. Deni la utangazaji wa umma libaki kwa serikali, na kaunti inayonunua kurasa za magazeti kujipongeza inaweza kulipia hali ya bahari kila alfajiri bila kugusa neno la mtangazaji.

Hata hivyo ningechanga, nami nimechanga. Nimetuma kidogo, kwa masharti niliyowaandikia. Mchango wa mtu mmoja uwe na kikomo cha juu, tena kidogo kiasi kwamba mgombea asiweze kuununua mdomo wa kituo. Zawadi za hewani zenye majina ya wanasiasa zikataliwe. Na mahesabu yasomwe redioni kila mwezi, kama yanavyobandikwa ukutani msikitini na kutangazwa kanisani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Najua kikomo kina gharama yake. Watu 1,000 wakituma shilingi 50 kila mwezi, ni shilingi 50,000. Huenda zikatosha stima na posho ya vijana wawili wanaojitolea. Mtambo ukipigwa na radi, hazitatosha, na tajiri mmoja angeweza kuutengeneza kwa siku moja. Ni heri kituo kinyamaze wiki mbili kikikusanya, kuliko kirudi hewani siku ya pili kikiwa na mwenyewe mpya.

Jambo moja kituo hiki kimelikosea. Kimepanga vipindi ofisini, kisha kikaja kwetu na nambari ya kutuma fedha. Kingeanza na ziara: jioni moja Mtongwe, nyingine Kongowea sokoni, nyingine Kibokoni, kiulize watu wanataka kusikia nini na saa ngapi.

Kabla sijaondoka, mzee aliiweka sindano chini kwa mara ya kwanza. Akauliza hicho kipindi cha bahari kitatoka saa ngapi. Kijana akasema saa kumi na moja alfajiri.

"Saa kumi mimi nishatweka tanga," mzee akasema. "Waambie wakilete saa tisa. Na wasitusomee upepo peke yake. Watwambie na maji ya bahari, bamvua na maji mafu."

Kijana akatoa simu akaanza kuandika.