TDDFT ya pareto: anza na Casida, muda halisi ungoje

Mwanafunzi wa kemia aliyeko Mbeya au Iringa hana haja ya kwenda mbali kutafuta molekuli ya kupimia TDDFT, njia ya kukokotoa jinsi elektroni za molekuli zinavyosisimliwa na mwanga. Pareto iko mashambani, na pirethrini zake, yaani sumu yake ya wadudu, huvunjwa upesi na jua. Anayetaka kuandika programu yake mwenyewe aanze na mlinganyo wa Casida wa 1995, unaotoa nishati za msisimko moja kwa moja kutoka kwenye matriksi. Kusukuma elektroni hatua kwa hatua katika muda halisi kungoje.

Tupige hesabu. Pirethrini I ina atomi 52 na elektroni 178. Kwa seti ya besi 6-31G* (funksheni za kujengea obitali) unapata funksheni 416: obitali 89 zimejaa, 327 tupu, yaani mipando 29,103 ya elektroni kutoka obitali iliyojaa hadi iliyo tupu. Matriksi moja ya ukubwa huo inakula karibu GB 6.8, na Casida anataka mbili, A na B. Kompyuta ya mezani ya GB 8 imeshakwama. Njia ya Davidson haihifadhi matriksi; inadai tu zao lake na vekta chache. Ukitaka hali kumi za chini za msisimko, usianze na vekta kumi, anza na ishirini au thelathini, la sivyo hali mojawapo itarukwa na programu isiseme kitu. Hifadhi vekta kwenye diski kila mzunguko. Umeme wetu mnaujua.

Balaa lenyewe limo kwenye funksheni mseto, yaani fomula za DFT zilizochanganywa na ubadilishano wa njia ya Hartree-Fock. Bila ubadilishano huo, A−B ina namba kwenye ulalo tu, kwa hiyo wengi huchukua njia ya mkato ya kipeuo chake. Ingiza asilimia 20 za ubadilishano za B3LYP, mmojawapo wa miseto hiyo, na ulalo huo haupo tena, lakini mkato ukiachwa kwenye kodi (msimbo wa programu) utaendelea kutoa namba zinazopendeza, za uongo.

Jaribu hivi: zima keneli yote (sehemu inayounganisha mipando), Coulomb ikiwemo, na ubadilishano. Nishati lazima zilingane na tofauti za obitali. Kisha anza na obitali za Hartree-Fock, rudisha Coulomb, weka ubadilishano asilimia 100, B iwe sifuri: lazima upate namba zilezile za CIS, njia ya msisimko ya Hartree-Fock. Tripleti (hali za spini sambamba) zikiwa sahihi lakini singleti (spini kinyume) zimekosea, umesahau 2 kwenye sehemu ya Coulomb.

Kosa likibaki kwenye elektroni inayohamia molekuli ya mbali, usiichokonoe kodi. B3LYP inabeba sehemu ndogo tu ya mvuto wa −1/R kati ya elektroni na shimo iliyoliacha (R ni umbali wao), hivyo nishati hushuka mno. CAM-B3LYP, ndugu yake, hufikisha asilimia 65 ya mvuto huo kwa mbali.