Vijiumbe vya udongoni vinakula meza mbili: ubishi kuhusu kaboni chini ya misonobari ya milimani

Ukichimba chini ya misonobari ya milimani, kabla hujaufikia udongo wenyewe unakutana na tabaka la majani membamba kama sindano, meusi, yaliyooza nusu. Tabaka hilo limejengeka polepole mno. Majani ya misonobari yana lignini na tanini nyingi, kemikali ambazo ni ngumu kuoza, na huongeza tindikali udongoni, na baridi ya mlimani nayo huwachelewesha bakteria na kuvu wanaoyaozesha. Kwa miaka mingi kinachoanguka kimekuwa kingi kuliko kinacholiwa, na baki hiyo ndiyo akiba ya kaboni. Kwa dunia nzima, mita moja ya juu ya udongo inakadiriwa kushikilia takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, nyingi kuliko iliyomo angani.

Je, joto likipanda akiba hiyo itabaki, au vijiumbe vitaila na kuitoa hewani kama kaboni dioksaidi? Hapo watafiti wamegawanyika.

Wenye hofu wanasema baridi ndiyo kufuli la ghala. Kwa kawaida joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya uozeshaji hukaribia mara mbili, na kwenye udongo wa baridi huweza kuzidi hapo. Misitu ya juu kabisa, iliyolimbikiza sana kwa sababu ya baridi, ndiyo itakayopoteza sana. Wenye matumaini wanajibu kwamba vijiumbe vitamaliza kwanza chakula laini, kisha kasi itashuka. Tena mboji ikioza hutoa naitrojeni, ambayo misitu hiyo huwa na upungufu nayo, kwa hiyo miti itanenepa na kuirudisha kaboni kwenye shina.

Hoja zote mbili zina akili. Jaribio la Achenkirch, katika milima ya Tyrol nchini Austria, limezipima kwa muda mrefu. Tangu katikati ya miaka ya 2000, nyaya za umeme zilizofukiwa chini ya msitu ambao miti yake mingi ni ya jamii ya misonobari zimeupasha udongo joto kwa nyuzi 4 kuliko majirani zake. Kaboni dioksaidi inayotoka iliongezeka kwa takriban asilimia 40 katika miaka ya mwanzo, na ongezeko halikufifia upesi kama wenye matumaini walivyotarajia. Hata hivyo, watafiti walipochunguza mizizi miembamba baada ya zaidi ya miaka 10, waliikuta imeongezeka kwenye vipande vilivyopashwa joto. Yaani msitu ulikuwa ukitoa zaidi na ukiingiza zaidi kwa wakati mmoja.

Nadhani pande zote mbili zinajikwaa hapa, kwa sababu hewa inayotoka udongoni haisemi imetoka kwa nani. Vijiumbe vinakula meza mbili. Meza ya kwanza ni mboji ya zamani. Ya pili ni sukari ambayo mti umeitengeneza kwa jua la siku chache zilizopita na kuishusha mizizini. Mwaka 2001, Peter Högberg na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la kaskazini mwa Sweden. Walibandua gome kuzunguka mashina ya misonobari ili sukari isishuke. Ndani ya mwezi mmoja au miwili, upumuaji wa udongo, yaani kaboni dioksaidi inayotoka humo, ulishuka kwa takriban nusu. Msitu huo si wa mlimani, lakini miti ni ya jamii ileile na baridi ni ileile. Kama nusu ya pumzi ya udongo ni sukari mpya, basi kupanda kwa pumzi hiyo peke yake hakuthibitishi kwamba ghala linamwagwa. Wala kushuka kwake si habari njema: mbawakawa walipoua misonobari mingi milimani Colorado, upumuaji wa msitu ulipungua badala ya kulipuka, ila miti iliyokufa nayo ilikuwa imeacha kuvuta kaboni.

Kati ya meza hizo mbili wamekaa kuvu wa mizizini, na kwangu hawa ndio kiini cha suala zima. Wanapewa sukari na mti, nao wanautafutia naitrojeni. Mwaka 1971 Ruth na Peter Gadgil walionyesha kwamba, katika shamba la misonobari huko New Zealand, majani yaliyoanguka yalioza haraka zaidi pale mizizi yenye kuvu hao ilipozuiwa. Tafsiri yao ilikuwa kwamba kuvu hao huwanyang'anya waozeshaji wengine chakula, na hivyo hulinda mboji. Lakini tafiti za baadaye katika misitu ya baridi zimeonyesha kwamba baadhi yao, hasa jenasi ya Cortinarius, wana vimeng'enya vya kuvunja mboji ngumu ili waitoe naitrojeni iliyofungwa humo. Jamii moja inalinda ghala, nyingine inalichokonoa, na zote zinalishwa na mti mmoja. Anayetabiri kwa kutazama kipimajoto peke yake amewaacha nje wote wawili.

Theluji inaongeza utata. Kwenye msitu wa Niwot Ridge, Colorado, ulio karibu mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, Russell Monson na wenzake waliripoti mwaka 2006 kwamba vijiumbe vinaendelea kupumua majira yote ya baridi chini ya theluji, maana theluji ni blanketi. Miaka yenye theluji kidogo, udongo ulipoa zaidi na kutoa kaboni kidogo. Hewa yenye joto zaidi, kwa kupunguza theluji, inaweza kuufanya udongo wa mlimani uwe baridi zaidi!

Pamoja na yote hayo, mizani yangu inaelemea upande wa hofu, ingawa kwa sababu tofauti na yao. Kaboni ambayo wenye matumaini wanaihesabu inaingia kwenye mashina na mizizi, na mashina hayo yanaweza kuungua au kuuawa na mbawakawa katika kiangazi kimoja. Ile inayotoka kwenye mboji ilichukua karne kukusanyika. Kuzilinganisha tani kwa tani, kana kwamba zina umri mmoja, ni kosa la hesabu linalonisumbua sana ninaposoma makadirio ya hifadhi ya kaboni misituni.

Na kuna pengo ambalo hata Achenkirch haikulijaza: nyaya zake huwashwa katika miezi isiyo na theluji tu. Majira ambayo Niwot Ridge ilitufundisha kuyaheshimu, udongo huo umeachwa ujipoze wenyewe.