Petra Haitazamwi kwa Saa Tatu

Mara ya kwanza nilipofika Petra, mji wa kale ambao Wanabatea waliuchonga katika majabali ya kusini mwa Yordani, nilipewa saa tatu. Basi letu lilikuwa limetoka Aqaba asubuhi, na waandaaji wa safari walikuwa wametupangia tuingie, tupige picha mbele ya Al-Khazneh, lile jengo mashuhuri lililochongwa katika uso wa jabali, tule chakula cha mchana mjini Wadi Musa, kisha jioni tuwe tumesharejea baharini. Nilirudi na picha nyingi, lakini moyoni nilijua kwamba sikuwa nimeuona mji wenyewe. Baadaye nilikwenda tena kwa gharama yangu nikakaa siku mbili, na tangu hapo kila ndugu au rafiki anayepanga safari ya Yordani mimi humsihi jambo moja: azitenge siku mbili kwa ajili ya Petra, na kama hana nafasi hiyo mwaka huu, asubiri mwaka mwingine.

Wayordani wenyewe wanataka mgeni akae. Nilipokwenda mara ya pili, tiketi ya siku moja ilikuwa dinari 50 kwa anayelala nchini na ya siku mbili ilikuwa dinari 55, ilhali anayeingia na kutoka siku hiyo hiyo bila kulala alitozwa 90. Dinari 5 tu kwa siku nzima ya pili! Hata hivyo niliwaona watu wengi wakifika Al-Khazneh, wakijipiga picha, wakageuza.

Njia ya kuingilia ni Siq, ufa wa jabali wenye urefu wa takriban kilomita 1.2, ambao kuta zake katika sehemu nyingine hufikia mita 80, na mbingu huonekana juu kama utepe mwembamba. Kwa kuwa kila mtu anajua kilichoko mwisho wa njia, watu huenda mbio wakiwa wameelekeza macho mbele. Mara ya pili nilikwenda polepole nikitazama kandokando. Upande mmoja wa ukuta kuna mfereji uliochongwa katika mwamba wenyewe, na upande wa pili kuna mabomba ya udongo yaliyolazwa kwenye mtaro wake, kila kipande kikiwa kimeingizwa mdomo wake ndani ya mwenziwe na kuzibwa kwa chokaa. Mbele kidogo kuna sanamu ya msafara iliyochongwa ukutani, na ingawa mchanga na mafuriko vimeila sehemu kubwa, bado inaonekana miguu ya mwanamume aliyevaa vazi refu, na nyuma yake miguu ya ngamia, mkubwa kama ngamia wa kweli. Mfereji wa maji unapita nyuma ya ngamia hao. Nilisimama hapo muda mrefu, kwa sababu vitu viwili vilivyoujenga mji huu, yaani maji na biashara, viko pamoja mahali pamoja.

Wanabatea walikuwa Waarabu wa jangwani, na kwa maoni yangu ustadi wao wa maji unazidi ustadi wao wa patasi. Waliyaleta maji ya chemchemi kutoka mbali, ikiwemo Ain Musa, wakachimba mahodhi ya kuhifadhi mvua chache za majira ya baridi, na mlangoni mwa Siq wakajenga ukuta na kutoboa handaki katika mwamba ili mafuriko yageuzwe yasipite njiani. Mwaka 1963 ulinzi huo ulikuwa umekwisha kuharibika. Mvua ilinyesha ghafla, maji yakaingia Siq, na watalii zaidi ya 20 kutoka Ufaransa wakafa. Baada ya msiba huo ukuta mpya ulijengwa pale pale ulipokuwa ule wa Wanabatea.

Biashara yao kubwa ilikuwa ubani na manemane kutoka kusini mwa Uarabuni, na sisi tuliokulia pwani, ambao hatuna harusi wala khitma isiyofukizwa ubani, hatuna sababu ya kuuona mji huu kuwa mgeni kabisa. Mwongozo mmoja wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unamtaja mfalme wa Wanabatea na njia ya kwenda Petra, na katika maelezo hayo hayo unaitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Kuhusu Al-Khazneh sitasema mengi, maana picha zake zimejaa kila mahali. Jina lake Mswahili halimpi taabu: ni hazina. Mabedui walidhani chungu kilichochongwa juu kabisa ya jengo kimeficha mali ya kale, wakakipiga risasi ambazo alama zake zipo hadi leo, kumbe ni jiwe tupu. Inaaminika kuwa lilikuwa kaburi la kifalme, pengine la Harith wa Nne, aliyetawala tangu mwaka 9 KK hadi 40 BK. Lililonifundisha zaidi ni kaburi jingine ambalo halikumalizika, kwani linaonyesha wazi kwamba mafundi walianza kuchonga juu wakashuka chini, kwa hiyo hawakuhitaji kujenga jukwaa refu kutoka ardhini.

Wala nisiwasahau Wabdul, Mabedui walioishi katika mapango ya Petra hadi 1985, walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun, mwaka ule ule UNESCO ilipoiingiza Petra katika urithi wa dunia. Wanaokuuzia chai na shanga njiani wengi ni watoto na wajukuu wa waliozaliwa humo. Nunua kwao, kaa, zungumza nao. Lakini kama miguu yako ni mizima, nakuomba usipande punda kwenye ngazi zaidi ya 800 za kwenda Ad-Deir, jengo jingine kubwa lililochongwa juu mlimani. Nimewaona punda hao wakiteleza kwenye jiwe lililolika, na sikupenda nilichokiona.

Ad-Deir yenyewe inaelekea magharibi. Asubuhi imo kivulini, na ni alasiri ndipo jua huipiga usoni na jiwe kugeuka rangi ya asali. Nilikuwa nimeketi mkabala nayo na gilasi ya chai mkononi, saa kumi imeshapita, na watu tuliobaki hatukuzidi kumi. Mabasi ya Aqaba yalikuwa yameondoka zamani.